Punda wa Dobi Alikuwa na Masikio

Kisa cha punda wa dobi kinajulikana pwani na bara. Simba amedhoofika, hawezi tena kuwinda, naye anamtuma Sungura amtafutie kitoweo. Sungura anamwendea punda jike wa dobi na kumweleza kwamba amekuja kumposa. Punda anauliza anaposwa na nani, anaambiwa ni Simba. Anafurahi, anafuata, na akifika tu anarukiwa. Anapiga mateke, anauma, anaponyoka na majeraha yake. Siku zinapita, Sungura anarudi kumtuliza: yale hayakuwa mashambulizi, ndivyo bwana mkubwa alivyo. Punda anarudi, anauawa. Simba anaagiza atengewe moyo na masikio, Sungura anavila kwa siri, kisha anajitetea kwa maneno ambayo vizazi vimeyacheka: mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Hapo wasikilizaji hucheka, na mwalimu huuliza funzo la hadithi ni lipi. Jibu linalopewa alama ni kwamba punda alikuwa mjinga.

Jibu hilo lina kasoro kubwa. Punda alikuwa na masikio. Aliyasikia vizuri yote aliyoambiwa, na yote aliyoambiwa yalikuwa uongo. Ushahidi wa masikio yake umo tumboni mwa Sungura, na Sungura huyo huyo ndiye tunayemwachia atoe hukumu kuhusu akili ya marehemu. Hoja yangu ni hii: katika hadithi nyingi za wanyama, za kwetu na za mbali, mhusika wa kike ndiye anayedhurika na ndiye anayeujua ukweli wa jambo, lakini masimulizi hupangwa ili lawama imwangukie yeye. Hadithi hizo zisitupwe wala zisifichwe. Zisomwe upya, na mhusika huyo apewe kiti chake cha shahidi. Sisi wa Meru, kuanzia mjini hadi Kianjai na vijiji vya Tigania, tuna sababu yetu ya pekee ya kulitaka hilo, maana mahakama ya hapa kwetu imewahi kuonyesha nini hutokea wasichana wanaposema na wenye mamlaka wasisikie.

Tuanze na asili ya punda huyo. Kisa chake kilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1870, katika mkusanyiko wa hadithi ambazo Edward Steere alisimuliwa Unguja, lakini safari yake ni ndefu zaidi. Kilitoka India, kikapitia Uajemi, kikaingia Kiarabu katika karne ya 8 kupitia kitabu cha Kalila na Dimna cha Ibn al-Muqaffa. Katika masimulizi hayo ya zamani punda ni dume. Anayemhadaa humwahidi malisho mazuri na punda majike, naye hufa kwa tamaa yake. Kisa kilipofika Unguja kiligeuzwa: punda akawa jike, na chambo kikawa posa. Mabadiliko hayo yana uzito. Dume aliyefuata majike alifuata tamaa ya mwili. Jike aliyefuata posa alifuata jambo ambalo jamii nzima ilikuwa imemfundisha kuliheshimu na kulisubiri. Aliitika wito halali uliotumiwa na tapeli. Msimuliaji wa Unguja, kwa kujua au kwa kutojua, aliweka mkononi mwetu kisa kikali kuhusu jinsi heshima ya ndoa inavyoweza kutumiwa kama mtego, na hata maneno ya kumrudisha mwathiriwa kwa aliyempiga, kwamba ndivyo bwana alivyo, aliyaweka humo. Sisi tumekitumia kisa hicho kufundisha kwamba punda hana akili.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na ua wa nyumba. Jamii nyingi za Kenya husimulia kwa nini mwewe huchukua vifaranga. Kuku aliazima wembe kwa mwewe, wengine husema sindano, akaupoteza. Mwewe akaapa kula watoto wa kuku mpaka kifaa chake kirudishwe, na ndiyo maana kuku hupekua udongo hadi leo. Wanafunzi wetu huiweka katika kundi la ngano za usuli, zile zinazoeleza chanzo cha mambo, na funzo lake huandikwa kwamba ukiazima kitu kitunze. Funzo hilo ni jema kwa mtoto. Lakini tazama hesabu ya haki iliyomo. Upande mmoja kuna wembe mmoja. Upande wa pili kuna watoto wasiohesabika, wa kizazi hadi kizazi, waliouawa mbele ya mama yao. Hakuna mnyama anayeitwa kuamua kama adhabu inalingana na kosa, wala anayemuuliza mwewe ni lini deni litakwisha. Kuku mwenyewe hapewi hata sentensi moja ya kulia watoto wake. Kazi yake katika hadithi ni kupekua na kujilaumu.

Sasa tuvuke hadi Ufaransa ya karne ya 12, kwa sababu huko yupo kuku mwingine aliyepewa sauti, na kumlinganisha na wetu kunafungua macho. Kuanzia miaka ya 1170 hadi katikati ya karne ya 13, watunzi mbalimbali, wengi wao wasiojulikana kwa majina, walitunga mfululizo wa hadithi za mashairi unaoitwa Roman de Renart. Sehemu za kwanza kabisa zinahusishwa na mtunzi Pierre de Saint-Cloud. Renart ni mbweha mjanja, binamu wa Sungura wetu kwa tabia: hudanganya wenye nguvu, hula wanyonge, hupona kwa ulimi. Adui yake mkuu ni Ysengrin, mbwa mwitu, na mke wa Ysengrin anaitwa Hersent. Mfalme ni simba aitwaye Noble. Kiini cha mfululizo mzima, jambo linaloleta kesi na vita, ni kile ambacho Renart alimtendea Hersent.

Tukio lenyewe limesimuliwa bila kuficha. Renart anaingia pangoni mwa mbwa mwitu wakati Ysengrin hayupo, na Hersent anampokea kwa mapenzi. Anapoondoka, Renart anawatukana na kuwakojolea watoto wa Hersent. Baadaye Hersent na mumewe wanamfukuza. Hersent anatangulia, anajitupa kwenye tundu la shimo la mbweha na kukwama, mwili nusu ndani nusu nje. Renart anatokea upande wa pili na kumbaka hapo alipokwama. Ysengrin anafika na kushuhudia kwa macho yake. Renart hatahayari, anasema alikuwa akijaribu kumsaidia atoke. Ysengrin, badala ya kumshika mkosaji, anaanza kwa kumtukana mkewe. Ni Hersent anayemkumbusha kwamba alitendwa kwa nguvu, na kwamba lipo baraza la mfalme ambako mambo kama haya hupelekwa. Katika kisa kilichojaa meno na hasira, aliyekuwa wa kwanza kufikiria sheria ni yeye aliyedhulumiwa.

Barazani ndiko hadithi hii inapogeuka kioo cha leo. Mfalme anamuuliza Hersent kama aliwahi kumpenda Renart. Hersent anakana. Basi, anauliza mfalme, ulikwenda nyumbani kwake kufanya nini? Kila aliyewahi kumsindikiza msichana kituoni kuandikisha taarifa analijua swali hilo. Kuulizwa tu kunatosha kubadilisha kesi: mlalamishi anaanza kujieleza, na mshtakiwa, ambaye hata hajafika, anapumzika. Katika sehemu nyingine ya mfululizo, ile inayohusu kesi kuu ya Renart, Noble anaona jambo lenyewe ni dogo la kuletwa mbele ya watu na anataka liishe kimya kimya. Hersent anasimama mbele ya wote na kujitolea kuthibitisha ukweli wake kwa majaribu ya maji au chuma cha moto, kama ilivyokuwa desturi ya mahakama za wakati huo. Aliyebakwa ndiye anayejitoa kuunguzwa ili aaminike. Mnyama anayetamka wazi kwamba anamwamini ni Bernart, na Bernart ni punda. Watunzi walikusudia kumcheka kwa wepesi wake wa kuamini. Hata hivyo, katika baraza lote lenye simba, dubu na paka, punda ndiye aliyesikia.

Kisha anaingia Pinte, na hapa ndipo kuku wa Ufaransa anapomzidi kuku wetu kwa mbali. Pinte ni mke wa jogoo Chantecler. Msomaji wa hadithi hizi anamfahamu tayari, kwani katika kisa cha awali Chantecler aliota ndoto ya kutisha, Pinte akamfasiria sawasawa kwamba kuna mbweha karibu, jogoo akamdharau na baadaye akashikwa shingo. Karne mbili baadaye Mwingereza Geoffrey Chaucer alikisimulia upya kisa hicho, akageuza mambo: kuku ndiye anayeipuuza ndoto na jogoo ndiye anayeiamini. Katika kisa cha Kifaransa mwenye kujua ni mke. Sasa, wakati kesi ya Hersent inakaribia kufutwa, Pinte na wenzake wanaingia barazani wakibeba jeneza, na ndani yake yumo Coupée, kuku aliyeuawa na Renart muda mfupi uliopita. Pinte anasema mbele ya mfalme. Anawataja ndugu zake wa kiume na wa kike walioliwa mmoja baada ya mwingine. Anapomaliza anazimia. Mfalme aliyekuwa akitafuta njia ya kulimaliza jambo kimya kimya ananguruma kwa hasira kiasi kwamba Coart, sungura wa hadithi hizo, anashikwa na homa kwa woga. Coupée anazikwa kwa heshima, kaburi lake linasemekana kuponya wagonjwa, na Renart anaitwa rasmi kuja kujibu.

Ulinganisho huo unaonyesha kwamba mpangilio wa lawama hautokani na maumbile ya kuku wala mbweha. Mauaji ya jamaa wa kuku ni yale yale, Kenya na Ufaransa. Tofauti iko katika nani amepewa nafasi ya kusema na mbele ya nani. Msimulizi akimnyamazisha kuku, vifo vya watoto wake vinakuwa desturi ya dunia, jambo la kueleza tu chanzo chake. Msimulizi akimpa kuku dakika chache barazani pamoja na maiti aliyombeba mwenyewe, vifo vile vile vinakuwa jinai inayomtikisa mfalme. Nisiipake rangi Roman de Renart nikaifanya kitabu cha haki. Renart anahukumiwa kunyongwa, kisha anaponyoka kwa kuahidi kwenda kuhiji, na malkia Fière, simba jike, anamkabidhi pete yake amwombee. Haki haikutendeka. Lakini malalamiko yaliwekwa wazi, kwa majina ya waliokufa, na hakuna ujanja wa baadaye wa mbweha ulioweza kumfanya msomaji ayasahau.

Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni kwamba hizi ni hadithi za wanyama, mzaha wa jioni, na kuzipima kwa mizani ya haki ni kuwanyima watoto kicheko chao. Kicheko kina haki yake, na hakuna anayetaka Sungura afungwe mdomo. Ila mzaha hufundisha kwa nguvu kuliko hotuba, na ndiyo maana jamii zetu ziliutumia kulea. Hadithi ya fisi mlafi humfundisha mtoto asiwe mlafi. Hakuna mzazi anayesema huo ni mzaha tu usio na athari. Ikiwa tunakubali kwamba fisi hufunza, tukubali pia kwamba punda hufunza. Mtoto aliyesikia mara nyingi kwamba aliyehadaiwa hakuwa na masikio, na kwamba aliyefiwa na watoto alipoteza wembe wa mwenye nguvu, anakua akiwa na swali tayari mdomoni kila anapomwona mwathiriwa: yeye alifanya nini? Anaweza kukua akawa jirani, mzee wa kijiji, mwalimu, afisa wa polisi.

Athari hiyo ina rekodi rasmi hapa kwetu. Mwaka 2012 wasichana 11 waliokuwa wamenajisiwa, pamoja na shirika la Ripples International lenye kituo cha kuwahifadhi wasichana mjini Meru, walipeleka ombi nambari 8 la mwaka huo katika Mahakama Kuu ya Meru. Hawakuwashtaki walionajisi. Walilalamikia polisi walioyapokea malalamiko yao na kuyapuuza, kuyachelewesha au kuyatilia shaka. Mnamo tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba kwa kushindwa kuchunguza ipasavyo polisi walikiuka haki za watoto hao, na kwamba uzembe huo ulikuza hali ya watu kunajisi bila kuogopa kuadhibiwa. Aliamuru uchunguzi wa haraka na wa dhati ufanywe. Kesi hiyo ilienea duniani kwa jina la wasichana 160, ingawa waliopeleka ombi walikuwa 11. Mtu akiisoma akiwa anamfahamu Hersent, anaona mambo yale yale: mlalamishi anayetakiwa kwanza athibitishe kwamba anastahili kusikilizwa, mamlaka inayoona jambo ni dogo, mkosaji anayetembea huru akijua ulimi wake utamtosha. Tofauti ni kwamba Meru jaji alisikia, na maamuzi yake yakawa sheria ya kurejelewa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasema kwamba Hersent hakuwa safi. Alimkumbatia Renart pangoni kabla ya tukio la shimoni. Aliendelea na malalamiko pengine kwa kumwogopa mumewe. Vivyo hivyo punda alirudi kwa miguu yake mwenyewe baada ya kuumizwa. Ni kweli, na nisingependa tuufiche ukweli huo kwa wanafunzi, kwa sababu humo ndimo lilimo somo kubwa. Mapokezi ya pangoni hayakuwa ruhusa ya shimoni. Sheria ya Kenya imelikubali jambo hilo waziwazi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, ambayo mswada wake ulipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge mteule, inazuia katika kifungu cha 34 kuletwa mahakamani habari za maisha ya kimapenzi ya mlalamishi zisizohusu kosa linalosikilizwa, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Na kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama, katika kesi za makosa ya ngono, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa pekee ikiwa hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake. Swali la mfalme Noble, ulikwenda kwake kufanya nini, lisingekuwa na uzito ule ule mbele ya hakimu wa leo. Kuhusu punda kurudi, wanaoshughulika na wake wanaopigwa wanajua kwamba kurudi ni jambo la kawaida, na mara nyingi kuna mtu wa katikati anayesema maneno ya Sungura, kwamba vumilia, ndivyo alivyo. Wa kuulizwa ni huyo wa katikati.

Hata sheria hiyo nzuri ilianza na mwiba. Ilipopitishwa ilikuwa na kifungu cha 38, kilichosema kwamba anayetoa madai ya uongo ataadhibiwa sawa na adhabu ya kosa alilolidai. Maana yake ni kwamba msichana aliyeshindwa kuthibitisha angeweza kujikuta kwenye hatari ya kifungo alichokusudiwa aliyemnajisi. Hicho kilikuwa chuma cha moto cha Hersent kilichovikwa suti ya kisasa. Kifungu hicho kilifutwa baadaye, na vyema. Lakini kule kuingizwa kwake kunatuonyesha jinsi shaka dhidi ya mlalamishi wa kike ilivyo na mizizi: bunge lilipokuwa likitunga sheria ya kumlinda, liliona ni lazima limtishe kwanza.

Pingamizi la tatu litasema tusiwahukumu wahenga kwa vipimo vya leo. Wafaransa wa karne ya 12 na wazee wetu walikuwa na ulimwengu wao. Hapa nina majibu mawili. Kwanza, sauti ya kike ndani ya hadithi hizi haikupachikwa na wanaharakati wa sasa. Pinte alilia barazani tangu miaka ya 1170 na kitu. Katika mfululizo huo huo yupo ndege mdogo jike ambaye Renart anamwomba busu akidai mfalme ametangaza amani. Ndege anamwambia afumbe macho, anamgusa sharubu kwa majani, na mbweha anaporuka kumng'ata uongo wake unajianika. Ndege yule hakumwamini wala hakumtukana, alimpima. Kwetu pia ipo hadithi ya Sultani Darai katika mkusanyiko ule ule wa 1870, ambapo paa aliyemtajirisha maskini anaugua, bwana wake anaamuru apewe uji wa mtama, na mke ndiye anayesihi, anayelia na anayekumbuka fadhila. Mwishoni yeye anaamka kwa baba yake na mume anaamka jaani. Hadithi zenyewe zina mizani. Tumechagua kusoma upande mmoja.

Pili, historia ya Meru inaonyesha gharama ya kuamua mambo ya wanawake bila kuwasikia, hata pale uamuzi wenyewe unapokuwa mwema. Aprili 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru ambalo makao yake ya Nchiru yako hapa hapa Tigania Magharibi, lilipiga marufuku ukeketaji. Leo tunajua kwamba lilikuwa jambo la kupigwa marufuku. Lakini lilikuwa baraza la wanaume, katika nyakati za hali ya hatari chini ya serikali ya kikoloni, likitoa amri kuhusu miili ya wasichana ambao hawakuitwa kusema. Wasichana wakajikeketa wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, na katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, wakashtakiwa kwa kukaidi. Desturi ikaendelea kwa miongo mingi. Sheria nzuri iliyoletwa bila kumsikiliza yule inayemhusu iliwafanya wahanga kuwa washtakiwa. Wazee waliowapenda binti zao hawakukosa nia njema. Walikosa kumketisha barazani aliyejua maumivu na pia aliyejua aibu ya kubaki bila kukeketwa.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu zaidi. Linasema kwamba waliosimulia hadithi hizi ni nyanya zetu. Ikiwa wanawake wenyewe walisimulia kisa cha kuku na wembe bila kulalamika, sisi ni nani wa kulalamika kwa niaba yao? Nyanya alisimulia kwa sauti, kwa macho, kwa mkono uliomgusa mjukuu begani. Alipofika mahali pa punda kurudi kwa Simba aliweza kutulia, akamtazama binti mmoja zaidi ya wengine, na binti akaelewa kwamba anaonywa kuhusu wajumbe wenye maneno matamu. Onyo hilo lilikuwa ndani ya usimulizi, si ndani ya maneno. Tulipoihamisha hadithi kwenye karatasi, tukabeba maneno tukaacha utulivu ule. Wataalamu wanawake wameifanya kazi kubwa ya kuokoa kinachoweza kuokolewa: Ciarunji Chesaina alichapisha mwaka 1997 kitabu kizima kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, majirani zetu wa kusini, na Wanjiku Mukabi Kabira amewachunguza wasimulizi wenyewe, jinsi wanavyosimulia na kwa nini. Kumheshimu nyanya ni kurudisha onyo lake, lililobaki nje ya kitabu.

Kinachotakiwa kufanywa hakihitaji bajeti wala sera mpya. Tangu mkutano wa Nairobi wa mwaka 1974 kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika shuleni, fasihi simulizi imepata nafasi yake katika masomo yetu, na wanafunzi wa sekondari hutahiniwa wakiulizwa kuhusu khurafa, hekaya na ngano za usuli. Mwalimu wa Kianjai au wa Runyenjes kule Embu anaweza kesho asubuhi kuongeza maswali matatu kwenye yale ya wahusika na maudhui: ni nani aliyeumizwa, ni nani aliyesema, na ni nani aliyesikilizwa? Awaambie wanafunzi wamwite kuku barazani, wampe mwewe nafasi ya kujitetea, wapige hesabu ya wembe mmoja dhidi ya vifaranga wote, kisha watoe hukumu na kuieleza. Awaulize Simba alimlipa Sungura nini kwa kazi yake. Awaulize punda angesema nini kama angepona mara ya pili, na kijiji kingemjibu nini. Wavulana washiriki sawa na wasichana, maana wengi wa watakaoketi katika mabaraza na vituo vya kesho ni wao. Wazazi nao wanaweza kufanya hivyo nyumbani, kwa lugha yoyote wanayoizungumza.

Wapo watakaohofia kwamba kwa njia hiyo Sungura mwerevu atapoteza mvuto wake. Sungura hajakuwa shujaa wetu kwa bahati. Watu waliotawaliwa, walionyang'anywa ardhi, waliofanyishwa kazi bila ujira walihitaji mnyama mdogo anayemshinda mkubwa, na akimshinda simba au tembo anastahili shangwe zote. Ila ujanja unaoelekezwa kwa mwenye nguvu ni jambo moja, na ujanja unaomtoa mnyonge kwa mwenye nguvu ni jambo jingine. Kwa punda wa dobi Sungura alikuwa mpambe wa Simba, akila makombo ya mezani pake. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuitambua tofauti hiyo akionyeshwa mara moja, na akishaitambua katika hadithi ataitambua pia kwa wakala anayeahidi kazi ya mbali, kwa mtu mzima anayetuma zawadi shuleni, kwa jamaa anayesema mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Wasichana 11 wa Meru walilazimika kwenda hadi Mahakama Kuu ili waaminiwe. Watoto wanaosikia hadithi leo wanaweza kufundishwa kuamini mapema zaidi, na kazi hiyo ni yetu tunaowasimulia.